Zawadi kwa Mpenzi wa Muziki: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kulingana na Mfuko Wako

Mjomba wangu alipostaafu, sisi watoto wa dada zake tulichangishana kupitia kundi la familia la WhatsApp na kumnunulia sabufa mpya, yenye taa zinazobadilika rangi kwa kufuata mdundo. Mjomba ni mtu wa dansi tangu ujana wake, na hakuna kati yetu aliyekuwa na shaka kwamba tumepatia. Alishukuru kwa heshima zote, akaifunika sabufa kwa kitambaa cha kufuma, na wiki iliyofuata nilimkuta barazani na redio kaseti yake ya zamani mapajani, amechomeka kalamu ya wino kwenye tundu la kanda na kuizungusha taratibu ili utepe uliolegea ukaze. Sabufa ilikuwa na tundu la flashi na ilikuwa na blututhi, lakini haikuwa na mahali pa kuweka kanda. Na muziki wote wa mjomba, kuanzia Mbaraka Mwinshehe hadi Marijani Rajab, ulikuwa ndani ya kanda.

Tulikuwa tumempa kitu kizuri ambacho hakikugusana popote na muziki wake. Tangu siku hiyo, kila ninapotakiwa kumchagulia mtu wa muziki zawadi, huanza kwa kujiuliza ni kitu gani kinachomzuia kuufurahia muziki alionao tayari, na fedha zangu, ziwe kidogo au nyingi, huzielekeza hapo. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya swali hilo. Viwango vya bajeti nimevitaja kwa shilingi za Tanzania, kwa kuwa ninaishi Dar es Salaam na manunuzi yangu mengi huyafanya Kariakoo; msomaji wa Nairobi, Kampala au Muscat atabadilisha tarakimu na kuendelea.

Hatua ya kwanza: mpeleleze mtu kabla ya kwenda dukani

Jina la mpenzi wa muziki hubeba watu wasiofanana. Yupo msikilizaji ambaye hawezi kupika wala kufua bila redio. Yupo mpigaji wa gitaa, udi, kinanda au ngoma. Yupo mwimbaji wa kwaya au wa kaswida. Yupo mkusanyaji wa santuri na kanda. Na yupo yule ambaye kwake muziki ni ukumbi, nguo mpya na kukutana na watu. Mtu mmoja anaweza kuwa na pande mbili au tatu, lakini kwa kawaida upande mmoja huzidi, na huo ndio unaotakiwa kuujua.

Peleleza mambo matatu bila yeye kushtuka. La kwanza ni chombo anachotumia: anasikiliza kwa simu, redio, kompyuta au kanda, na ikiwa anapiga ala, ni ala ya aina gani hasa. La pili ni kile anacholalamikia. Mpiga gitaa atakwambia nyuzi zake zimepata kutu, mwimbaji wa kwaya atakwambia karatasi zake za nota zimelowa mvua, na kijana wa bongo fleva atakwambia studio imempandishia bei. Hapo umekwisha kupata zawadi tatu bila kuuliza. La tatu ni vitu alivyonavyo tayari, ili usimpelekee cha pili. Ukikosa njia ya kuyajua haya mwenyewe, muulize mwenza wake, mwalimu wa kwaya au mwenzake wa bendi, kwani watu hao hujua mambo ambayo ndugu hawayajui. Tena ni vyema ukapiga picha ya chombo chake kwa siri, ikiwa ni pamoja na maandishi yaliyo nyuma yake, kwa sababu muuzaji dukani atakuuliza namba ya modeli na wewe utakuwa huna jibu.

Jambo moja la kuepuka katika hatua hii ni kutumia zawadi kumrekebisha mtu ladha. Shangazi anayependa taarabu ya kisasa hakukuomba umfundishe taarabu asilia, na mtoto anayependa singeli hatabadilika kwa kununuliwa muziki unaoupenda wewe.

Hatua ya pili: hakikisha zawadi itaunganika na alichonacho

Hapa ndipo zawadi nyingi za muziki huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na umeme. Tanzania tunatumia volti 230 na mzunguko wa hezi 50, ilhali Marekani na Kanada wanatumia volti 120 na hezi 60. Binamu yangu aliletewa kinanda kutoka Marekani, akakichomeka ukutani kule Tabata asubuhi ya Krismasi, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatufikia kabla ya sauti yoyote. Dawa ni kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye adapta: yakionyesha volti 100 hadi 240, chombo kitafanya kazi kokote, yakionyesha 120 peke yake, tafuta adapta nyingine yenye volti na ampea zinazolingana na kinanda, au transfoma ya kushusha umeme. Kwa mashine ya santuri kuna mtego wa ziada, kwani transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi. Zipo mashine za zamani ambazo mota yake hufuata hezi za umeme, na mashine ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa hezi 50 huzunguka polepole, kiasi kwamba santuri inayotakiwa kwenda mizunguko 33 na theluthi kwa dakika huenda takriban 28, na mwimbaji husikika kama amepewa dawa ya usingizi.

Baada ya umeme angalia pini. Hedifoni na simu hutumia pini ndogo ya milimita 3.5, gitaa la umeme na amplifaya hutumia pini kubwa ya milimita 6.35, na simu nyingi mpya hazina tundu la pini kabisa. Ukinunua hedifoni ya waya kwa mtu ambaye simu yake haina tundu, nunua na kiunganishi chake siku hiyohiyo. Ni kitu cha bei ndogo, na kukikosa huifanya zawadi ikae kabatini.

Kwa wapiga gitaa tofauti kubwa ni nyuzi. Gitaa la nyuzi za nailoni halikujengwa kubeba mvuto wa nyuzi za chuma, na anayelifunga nyuzi za chuma anaweza kulikuta siku moja daraja lake, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi tumboni mwa gitaa, limeng'oka na kuondoka na kipande cha ubao. Ukiona nyuzi tatu nyembamba ni za plastiki inayong'aa, hizo ni nailoni. Nyuzi za chuma huuzwa kwa unene unaopimwa kwa sehemu za elfu za inchi: seti inayoanzia 10 ni ya kawaida kwa gitaa la umeme, na seti inayoanzia 12 ni ya kawaida kwa gitaa kavu, ingawa vidole vya mwanafunzi hushukuru zaidi vikipewa 10 au 11. Udi ni jambo jingine kabisa, kwani udi wa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja wa pekee, na nyuzi za gitaa hazifai kuziba pengo.

La mwisho ni maiki. Kijana anayerekodi chumbani atafurahi kupewa maiki ya kondensa kama zile anazoziona studio, lakini maiki za aina hiyo nyingi huhitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye kadi ya sauti au mikisa. Bila kifaa hicho maiki ni pambo. Ikiwa mfuko hautoshi kwa vyote viwili, mnunulie maiki ya kawaida ya jukwaani, au ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB la kompyuta.

Hatua ya tatu: panga bajeti pamoja na gharama zilizojificha

Andika kiasi ulicho nacho, kisha utoe humo gharama ya vitu vinavyoifuata zawadi: betri, waya, mfuko wa kubebea, nauli ya kusafirisha, na fundi atakayekifunga au kukirekebisha chombo. Kwa ala za muziki mimi hutenga kama sehemu moja ya tano ya bajeti kwa ajili hiyo. Mwenye shilingi 250,000 anayenunua gitaa la 250,000 atamkabidhi mtoto gitaa lisilo na mfuko, lisilo na nyuzi za akiba na lisilopitiwa na fundi, wakati gitaa la 200,000 lililokamilika lingempeleka mbali zaidi.

Mfuko mdogo: hadi shilingi 30,000

Watu huuonea aibu mfuko huu bila sababu, kwani una zawadi zinazogusa kuliko zote. Kwa mpigaji, seti ya nyuzi za aina anayotumia, risha ya udi, au kipande kipya cha ule utomvu mgumu unaopakwa kwenye upinde wa fidla ni ujumbe kwamba umemwangalia anachofanya. Mwimbaji wa kwaya atafurahia faili gumu lenye mifuko ya plastiki ya kutia karatasi za nota, na ukitaka kwenda mbele kidogo, chukua nakala zake zilizochakaa, zipigishe chapa upya kwa herufi kubwa na uzipange kwa mpangilio wa ibada. Kazi hiyo hugharimu zaidi muda kuliko fedha.

Kwa mtu anayeshinda karibu na spika, iwe ni mpigaji, didijei au mpenzi wa singeli, vizibo laini vya masikio ni zawadi ya maana ambayo karibu hakuna anayeifikiria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80, na sauti ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Mbele ya spika za muziki wa mnanda desibeli 90 hupitwa mapema.

Kwa mpenzi wa taarabu nina zawadi mbili ninazozirudia. Moja ni doti ya kanga ambayo jina lake linaendana na wimbo anaoupenda. Itakubidi uzunguke maduka kadhaa ukisoma kanga moja baada ya nyingine, na muuzaji atakuchoka, lakini mpokeaji akilisoma jina lile ataelewa kwamba hukuokota tu. Nyingine ni bahasha yenye noti mpya ndogondogo za kutunza. Anayekwenda ukumbini anajua adha ya kusikia ubeti uliomgusa moyoni na kujikuta na noti moja kubwa ambayo hawezi kuitoa yote. Noti 15 za shilingi 1,000, zilizonyooka na zinazonukia benki, humwezesha kuinuka zaidi ya mara moja na kumwendea mwimbaji kwa madaha yanayostahili.

Msomaji wa vitabu ambaye pia ni mpenzi wa muziki anaweza kupewa wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na kitabu hicho kidogo kinamweka mwandishi mkubwa wa lugha yetu kando ya sauti kubwa ya taarabu yetu.

Sina moyo wa kushauri flashi iliyojazwa nyimbo kwenye kibanda cha mtaani. Najua ni rahisi, na najua kila mtu anainunua, lakini msanii hapati kitu, na majina ya nyimbo humo huwa yamevurugika kiasi kwamba rumba ya Kikongo huitwa zilipendwa namba 47. Ukitaka kutoa muziki wenyewe kwa fedha kidogo, mlipie mwezi mmoja au miwili ya huduma ya kusikiliza mtandaoni anayoitumia, pamoja na bando la intaneti, kwa sababu huduma bila bando ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya mto.

Mfuko wa kati: kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000

Zawadi bora niliyowahi kushiriki kuitoa iko katika kiwango hiki, nayo ndiyo iliyosahihisha kosa letu kwa mjomba: tulizihamisha kanda zake ziingie kwenye flashi. Ninaieleza kwa kirefu kwa kuwa nyumba nyingi za wazee bado zina kanda, na muziki wa baadhi yake haupatikani kwingine. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi za dansi kwa ajili ya matangazo, na watu walikuwa wakirekodi vipindi moja kwa moja kutoka redioni. Kwa hiyo kanda ya mzee inaweza kuwa na wimbo uliotiwa humo jioni moja, pamoja na sauti ya mtangazaji na mtoto anayelia uani.

Kazi yenyewe inahitaji mashine nzima ya kuchezea kanda, waya wenye pini ndogo pande zote mbili, na kompyuta yenye programu ya kurekodi sauti, ambazo zipo za bure. Kabla ya kuanza, safisha kichwa cha mashine kwa pamba iliyochovywa spiriti, kisha izungushe kila kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma ili utepe ulioganda uachane. Ukiona unga mweupe wa ukungu kwenye utepe, usiicheze kanda hiyo hadi fundi aiangalie. Kanda iliyoandikwa 60 ina dakika 30 kila upande na ile ya 90 ina dakika 45, na hakuna njia ya mkato, kwani lazima icheze kwa mwendo wake wa kawaida. Kanda 20 za dakika 90 ni saa 30 za kurekodi. Ukishamaliza, kata nyimbo moja moja, andika majina kama mzee mwenyewe alivyoyaandika kwenye karatasi ya kasha, hata kama amekosea, na umrudishie kanda zake zote. Sisi tuliziacha pia sauti za watangazaji, na mjomba hudai hizo ndizo zinazompendeza kuliko nyimbo. Sabufa ile sasa inafanya kazi kila jioni.

Katika mfuko huuhuu msikilizaji anaweza kupewa hedifoni nzuri ya waya au spika ndogo ya blututhi. Mimi hupendelea hedifoni ya waya kwa fedha hizi, kwa sababu sehemu ya bei haikwenda kwenye betri ambayo itachoka baada ya miaka michache. Kwa mtu wa kaswida, dufu lililowambwa vizuri ni zawadi ya heshima. Lishike karibu na dirisha na uangalie kama ngozi ina unene mmoja na kama fremu haijapinda, kisha lipige katikati na ukingoni usikie kama sauti hizo mbili zinatofautiana waziwazi. Mpenzi wa ngoma za asili wa pwani ya Kenya atafurahia kayamba lililofungwa kwa mkono. Kama unakwenda Bagamoyo, watengenezaji wa ngoma wapo katika mji ule uliokuwa na Chuo cha Sanaa tangu 1981, ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Ukimwagiza fundi mapema atakuwambia ngozi ni ya mnyama gani na mti ni upi.

Tiketi nazo ziko hapa. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufanyika Zanzibar mwezi Februari, na Watanzania hutozwa kiingilio cha chini kuliko wageni. Lakini usimnunulie mtu tiketi moja. Hakuna anayependa kwenda kwenye muziki peke yake, na zawadi ya tiketi moja mara nyingi humlazimisha mpokeaji kuingia gharama ya kununua ya pili.

Mfuko mkubwa: zaidi ya shilingi 200,000

Gitaa la kwanza la kijana huangukia hapa, nalo ndilo linaloharibika kwa haraka kununuliwa. Mpwa wangu alipewa gitaa zuri la kutazama, lakini nyuzi zilikuwa zimeinuka sana juu ya shingo, na kila akibonyeza, vidole vilimuuma. Wiki ya tatu liligeuka kuwa pambo la ukutani, na familia ikahitimisha kwamba mtoto hana kipaji. Dukani, fuata utaratibu huu. Lilaze gitaa na upime kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo): kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zinatosha, na zaidi ya 4 ni mateso. Kisha liinue kama bunduki na utazame kwa jicho moja kando ya shingo kutoka kichwani, uone kama imenyooka. Bonyeza kila uzi katika kila freti, moja baada ya nyingine, usikilize kama kuna mahali panapokwaruza, hata kama muuzaji anakutazama kwa kuchoka. Zungusha vifungo vya kukazia nyuzi uone kama vinashika. Mwisho, pitisha kidole kandokando ya shingo. Ncha za freti zikikuchoma, zitamchoma na mtoto. Kama wewe si mpigaji, mlipe mpigaji nauli na chakula cha mchana aende nawe, kwani hiyo ni sehemu ya bei ya gitaa.

Kinanda cha kujifunzia kiwe na vibonye 61 vya ukubwa kamili, vinavyotoa sauti kubwa vikibonyezwa kwa nguvu na ndogo vikibonyezwa kwa upole. Vile vidogo vyenye vibonye vyembamba vya kitoto humfundisha mwanafunzi umbali wa vidole ambao atalazimika kuusahau. Na kabla ya kumnunulia mtoto wa mtu seti ya ngoma, zungumza na wazazi wake. Undugu umewahi kuyumba kwa jambo dogo kuliko hilo.

Kwa mkusanyaji, santuri ni zawadi ya hatari na ya kupendeza. Santuri nyingi za bendi za Tanzania za miaka ya 1970 zilitolewa na makampuni ya Nairobi, na hadi leo Nairobi, hasa Soko la Kenyatta, ni mahali pa kuzitafutia. Iinamishe santuri chini ya taa ili mwanga upite juu yake kwa ulalo: alama nyepesi za nywele si tatizo kubwa, ila mkwaruzo unaosikika kwa ukucha utasikika pia kwenye spika. Jua pia kasi yake, kwa maana zile nzito za mizunguko 78 huvunjika kama sahani na huhitaji sindano pana kuliko inayotumika kwa santuri za 33 na 45. Ukizicheza kwa sindano ya kawaida unapata kelele na unaumiza mifereji. Usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani mchana mmoja wa Dar es Salaam unatosha kuzipinda.

Fedha ikitosha, mimi humlipia mtu mafunzo kabla ya kumwongezea kitu. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe Zanzibar mwaka 2002, kinafundisha udi, kanuni, fidla na ala nyingine za taarabu, na katika miji mikubwa wapo wapigaji wa bendi wanaofundisha nyumbani kwa saa. Lipia angalau miezi mitatu. Mwezi mmoja huishia kwenye maumivu ya vidole. Kijana anayetaka kurekodi, mlipie studio moja kwa moja na upewe risiti yenye idadi ya saa au nyimbo, na mkubaliane kwa maandishi kwamba atakabidhiwa rekodi zake zote na si wimbo uliokwisha kuunganishwa pekee.

Mchango wa familia ndio unaofungua milango ya vitu hivi. Ushauri wangu ni kwamba mtu mmoja mwenye kujua apewe mamlaka ya kuchagua, na wengine watoe fedha na kunyamaza. Sabufa ya mjomba ilichaguliwa kwa kura.

Kama zawadi inavuka mpaka

Jamaa walio Ulaya, Amerika Kaskazini na Ghuba hupenda kuletewa ala za nyumbani, na hapo kuna mambo ya forodha. Ngoma yenye ngozi iliyobaki na manyoya inaweza kuzuiwa kwa sababu za afya ya mifugo, hivyo chagua ngozi iliyokwanguliwa na kukauka kabisa. Orutu, fidla ya uzi mmoja ya Waluo, kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, na kenge ni mnyama anayelindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo bila kibali usiisafirishe. Agiza iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Mpingo wetu, unaovunwa Kilwa na kwingineko kusini na kutumika kutengenezea klarineti na oboe za dunia nzima, nao uliingizwa katika mkataba huo mwaka 2017 pamoja na jamii yake, ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa masharti hayo mwaka 2019.

Hali ya hewa nayo haisamehi. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi, ndiyo maana wapigaji huipasha ngoma moto kabla ya kuanza, lakini nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi ya Minnesota au Stockholm hukausha ngozi na mbao mpaka zipasuke. Legeza kamba za ngoma na nyuzi za gitaa kidogo kabla ya safari, na umweleze mpokeaji asiviweke karibu na kifaa cha kupasha joto.

Hatua ya mwisho: jaribu dukani, na ukabidhi ukiwa na risiti

Kariakoo ina vitu halisi na vitu feki kwenye rafu moja, na boksi si ushahidi. Nenda na simu yako ikiwa na wimbo mmoja unaoujua vizuri, wenye besi nzito na sauti ya mwanamke ya juu. Spika ipandishe hadi mwisho na usikilize kama inakwaruza. Hedifoni ichezeshe waya wake pale unapoingia kwenye pini, na usikilize kama upande mmoja unakatika. Kinanda kibonyeze kila kibonye kwa mfuatano. Kubaliana na muuzaji idadi ya siku za kurudisha na umwombe aziandike kwenye risiti kwa mkono wake, pamoja na namba ya chombo.

Boksi lihifadhi. Mkabidhi mpokeaji chombo kikiwa kimechajiwa, kimefungwa nyuzi na kupatanishwa, na kikiwa na wimbo mmoja ndani tayari kuchezwa, ili asianze kutafuta betri mbele ya wageni. Risiti baki nayo wewe, kisha siku ya tano mpigie simu, usimuulize kama ameipenda, muulize amesikiliza nini au amepiga nini. Akisita kujibu, bado una muda wa kuirudisha dukani.